Spicer-Simson wa Ziwa Tanganyika: shujaa, mwoga, au kitu kingine? Jibu kwa mtembeza wageni wa Kigoma

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi natembeza wageni hapa Kigoma na wengi wanataka stori ya Liemba na vita vya ziwani. Miaka yote nawaambia yule afisa wa Kiingereza, Spicer-Simson, alileta boti mbili kutoka Ulaya, akaizamisha Götzen, na ndo maana mfalme wake akampa nishani. Mwezi uliopita mgeni mmoja akanibishia mbele ya wenzake, akasema huyo mtu alikuwa mwoga, alivaa sketi, aliikimbia Götzen na akafukuzwa jeshini. Nilikosa la kusema. Nani yuko sahihi? Na kama mgeni ndo yuko sahihi, mtu wa hivo alipataje nishani? La pili, kuna mzee jirani yetu ana medali ya zamani, watu wanamwambia ni ya huyo huyo Mwingereza na kuna mtu anataka kuinunua. Tumshauri nini?"

Marahaba ndugu yangu. Pole kwa kubishiwa mbele ya wageni, hiyo kitu inauma hasa kwa mtu anayeipenda kazi yake, na naona wewe unaipenda maana wengine wangenyamaza waendelee na stori ileile. Basi nikwambie mapema: wewe umekosea kwenye Götzen, ile meli kubwa ya Wajerumani ambayo baadaye ndo ikaitwa Liemba, mgeni wako amekosea kwenye kufukuzwa, na wote wawili mmekosea kwenye nishani, maana mnaichukulia kama cheti cha tabia nzima ya mtu. Hapo ndo pa kuanzia, kwa sababu ukishaelewa nishani inalipia nini, maisha yote ya huyu bwana yanaeleweka.

Geoffrey Basil Spicer-Simson alizaliwa Hobart, Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa mtoto wa miaka 14, ndivyo ilivyokuwa enzi zile, mtoto anapelekwa kwenye meli ya mafunzo halafu maisha yake yote yanakuwa humo. Sasa kwenye jeshi lile vyeo vilikwenda hivi, na hili wageni wengi hawalijui. Mpaka kufika luteni kamanda ulihitaji zaidi muda, ukitumikia miaka yako bila kuharibu sana unafika. Lakini kutoka hapo kwenda kamanda ilikuwa ni kuchaguliwa, wakubwa wanakaa wanaangalia faili lako na faili za wenzako, na ukirukwa mara kadhaa unaanza kuzeekea palepale huku vijana wanakupita. Spicer-Simson alirukwa. Vita vilipoanza 1914 alikuwa anakaribia miaka 40 na bado ni luteni kamanda.

Alirukwa kwa sababu faili lake lilikuwa na madoa. Kuna chombo alichokuwa anakiongoza kiligonga boti nyingine na mtu akafa. Halafu Novemba 1914, akiwa na usimamizi wa kikosi kidogo cha meli pwani ya kusini mashariki ya Uingereza, manowari HMS Niger ikapigwa torpedo na nyambizi ya Kijerumani U-12 karibu na mji wa Deal, mchana kweupe, na yeye alikuwa nchi kavu. Akaondolewa, akapewa meza ofisini London.

Lakini faili lilelile lilikuwa na upande mwingine ambao wasimuliaji wanauruka kwa sababu hauchekeshi. Huyu bwana alikuwa mpimaji. Alifanya upimaji Borneo ya Kaskazini, alikuwa kwenye mito ya China, na miaka ya mwisho kabla ya vita alikuwa anapima Mto Gambia. Yaani kazi ya kukaa kwenye jua na kamba na vyombo vya kupimia, unaandika kina cha maji hatua kwa hatua, miezi na miezi. Alijua pia Kifaransa vizuri na Kijerumani. Hivi vitu viwili, kupima na lugha, viweke akilini maana vinarudi.

Sasa Aprili 1915 mwindaji mmoja aitwaye John Lee alikwenda makao makuu ya jeshi la majini London na wazo ambalo ukilisikia leo bado linashangaza: Wajerumani wanalitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao, basi tupeleke boti ndogo za mwendo kasi kupitia Kongo, tuwapokonye ziwa. Na kweli walilitawala. Waliivuruga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, tangu Agosti 1914, na vyombo vya Waingereza kule kusini vikaharibiwa mwaka huohuo, kwa hiyo aliyetaka kusogeza askari ziwani alikuwa Mjerumani peke yake. Reli ya kati nayo ilikuwa imeshafika Kigoma kutoka Dar es Salaam, mizigo inaingia bila shida. Wakubwa wakalikubali wazo, na kwa kuwa maafisa wazuri wote walihitajika kwenye meli kubwa, kazi ikaangukia kwa mtu aliyekuwa mezani, anayejua Kifaransa cha kuongea na Wabelgiji, na aliyewahi kufanya kazi Afrika.

Boti zenyewe zilikuwa mbili, za mbao za mahogani, urefu futi 40 kila moja yaani kama mita 12, zilizojengwa na kampuni ya Thornycroft. Alipendekeza ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wakakataa, akarudi na majina "Mimi" na "Toutou", yakapita. Mwambie mgeni hilo akikuuliza, watu wanalipenda.

Halafu ndugu yangu, hapa ndo pa kukaa na wageni wako, siyo kwenye mapigano. Kikosi cha Waingereza wasiofika hata 30 kilipanda meli Tilbury katikati ya Juni 1915 mpaka Cape Town, kutoka hapo treni mpaka Fungurume huko Katanga, na hapo reli ikaisha. Mbele yao milima ya Mitumba, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hakuna barabara. Wakaikata. Waliziweka boti kwenye magari ya kukokotwa, mbele injini mbili za mvuke, injini zikishindwa wanafungwa maksai, maksai wakishindwa wanavuta watu kwa kamba. Walijenga madaraja zaidi ya 100 kwa magogo. Injini za mvuke zinakunywa maji na ilikuwa kiangazi, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya njiani waliajiriwa kubeba maji kwa mitungi kichwani, maili na maili, yakamwagwe kwenye boila ya Mzungu. Zikateremka upande wa pili, zikapanda treni tena, zikashuka Mto Lualaba ambao maji yalikuwa yamepungua mpaka boti zikafungwa mapipa ili zielee juu ya mchanga, treni tena kutoka Kabalo, na mwishoni mwa Oktoba zikafika Lukuga, pale jirani na Kalemie ya leo, ng'ambo kidogo tu ya ziwa lako kusini magharibi.

Safari hiyo ilifanikiwa bila boti hata moja kupotea, na mimi naamini kabisa hili ndo jambo kubwa alilolifanya maishani mwake akiwa amevaa sare. Mpimaji ndo mtu wa kazi hiyo, mvumilivu kwenye njia, anayehesabu. Ila kila ukilisimulia taja na waliovuta kamba. Yeye na baadhi ya wenzake walipata nishani zenye majina kwenye kumbukumbu, wale mamia ya Wakongo na wale akina mama wa mitungi hawajaandikwa popote kwa majina, na bila wao boti zingeozea Fungurume. Usiache siku hata moja kulisema hilo.

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Tarehe 26 Desemba 1915, Jumapili, meli ndogo ya Kijerumani Kingani ilikuja kuchungulia Wabelgiji wanajenga nini. Mimi na Toutou zikatoka zikaifuata kwa nyuma, maana mzinga wa Kingani ulikuwa mbele na haukuweza kupiga nyuma. Dakika 11 tu. Nahodha wake, Luteni Junge, akauawa pamoja na baadhi ya watu wake, meli ikatekwa, ikazibwa tobo, ikabatizwa HMS Fifi, na ikawa manowari ya kwanza ya Kijerumani kutekwa na kuingizwa kwenye jeshi la majini la Uingereza katika vita ile. Kwa siku hiyo ndo Spicer-Simson alipandishwa kuwa kamanda, cheo alichokuwa amekikosa miaka yote, na kikahesabiwa kuanzia tarehe hiyohiyo ya mapigano.

Tarehe 9 Februari 1916 ikaja ya pili, Hedwig von Wissmann, ikimtafuta Kingani aliyepotea. Hapa Fifi ikiwa na Spicer-Simson mwenyewe ilikuwa inabaki nyuma, na aliyeibana Hedwig ni Luteni Wainwright kwenye Mimi, aliyetangulia akawa anaipiga kutoka nyuma mpaka ikalazimika kugeuka geuka ili ijibu, na kila ikigeuka inapoteza mwendo. Fifi ikafika ikiwa na makombora yanayohesabika kwa vidole, moja likakwama kwenye mzinga kwa dakika kama 20, lililofuata likaingia kwenye Hedwig na ikazama. Nahodha Odebrecht akatekwa. Kwa hiyo ukisema Spicer-Simson alizamisha meli ziwani uko sahihi, ila ni Hedwig, siyo Götzen.

Sasa twende kwenye Götzen maana ndo kidonda chenyewe. Siku iliyofuata tu ikatokea, inapita polepole kumtafuta Hedwig, na maafisa wote wa Spicer-Simson wanasubiri amri yake ya kutoka. Akakataa. Mgeni wako anauita huo uoga. Mimi naomba uangalie namba kwanza. Götzen ilikuwa na urefu wa karibu mita 70 na imefungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyoangamizwa kule Delta ya Rufiji. Mimi na Toutou zilikuwa na vimizinga vya milimita 47 kwenye ganda la mbao, na fremu zao zilikuwa zinatikiswa na mizinga yao wenyewe kila wakipiga. Ni kama mwenye panga kumkimbilia mwenye bunduki uwanjani mchana. Ungeweza kushinda kwa bahati, kwa ukungu, kwa usiku. Mimi kama ningekuwa mzazi wa mmoja wa wale mabaharia nisingemlaumu aliyesema hapana siku ile.

Ninachomlaumu ni yaliyofuata, na hapa mgeni wako ana hoja. Baada ya kukataa hakukaa kupanga njia nyingine na Wabelgiji, ambao alikuwa ameshagombana nao. Aliondoka ziwani akaenda mbali kule Mto Kongo kutafuta meli kubwa zaidi, miezi ikapita, akarudi Mei. Juni 1916 akapelekwa kusini kusaidia jeshi lililokuwa linatoka Rhodesia ya Kaskazini kuiteka Bismarckburg, ndo Kasanga ya leo. Kazi yake ilikuwa moja, kufunga mlango wa maji Wajerumani wasitoroke. Akafika, akaona ngome na mizinga inayomwelekea, akarudi nyuma. Wajerumani wakatoka usiku kwa vyombo vyao wakaenda zao. Jeshi lilipoingia ngomeni likakuta mizinga ile ni ya mbao. Hapo makamanda wa nchi kavu walimkasirikia sana, na ukiniuliza mimi walikuwa na haki, kwa sababu safari hii hakukuwa na Götzen mbele yake na wenzake walikuwa wanamtegemea. Muda mfupi baadaye afya ikamwishia, daktari wa kikosi, Hanschell, akamwandika hafai kuendelea, akarudishwa Uingereza.

Na Götzen je? Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, siku mbili kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma. Ndege za Wabelgiji zilizokuwa zinatua majini zilikuwa zimeshaipiga Kigoma mabomu, na majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanateremka kwa nchi kavu, hakuna tena pa kukimbilia. Mafundi waliotoka Ujerumani na meli hiyo ikiwa vipande kwenye masanduku 5,000, wakaiunga palepale Kigoma, ndo haohao walipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha ili isioze. Wakawa na akili sana, maana Waingereza waliiinua 1924 na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hiyo stori ya grisi ni tamu kuliko uongo wa kuzamishwa na Spicer-Simson, kwa hiyo hupotezi kitu ukiibadilisha.

Hii ya sketi. Ni kweli, alivaa sketi ya kaki, alisema mke wake ndo aliyeishona na kwamba kwa joto la kule ndo nguo ya maana. Mwili wake ulikuwa na tatuu na alioga hadharani watu wakija kutazama. Waholoholo wa upande ule wakamwita Bwana Chifunga-tumbo. Ila jua pia kwamba sehemu kubwa ya vituko hivi imetoka kwenye kumbukumbu za yule daktari Hanschell, zilizosimuliwa miaka mingi baadaye bosi wake akiwa ameshakufa. Daktari alikuwa shahidi wa kweli, alikuwepo, lakini alikuwa hampendi sana kamanda wake na kamanda hakuwa na nafasi ya kujibu. Upande wa pili Spicer-Simson mwenyewe alitoa mhadhara London mwaka 1934, na yeye naye bila shaka alijipamba. Ukiwa na mashahidi wawili wa hivo unachukua wanachokubaliana: safari, tarehe, meli mbili, Götzen kuachwa. Kwenye sketi na tatuu unaweza kusimulia, ila usiifanye ndo hukumu. Mtu anaweza kuvaa sketi na akavusha boti milimani.

Kuhusu kufukuzwa, hapana. Hakushtakiwa mahakama ya kijeshi, hakuvuliwa cheo. Alipewa DSO, nishani ya Waingereza kwa maafisa, Wabelgiji wakampa nishani yao ya vita na ile ya Taji, pamoja na ugomvi wote waliokuwa nao. Kilichotokea ni kwamba hakupewa tena kuongoza manowari. Wakubwa walilipa deni la Lukuga kwa nishani na cheo, halafu wakasoma faili zima, lile la Deal na lile la Bismarckburg, wakaamua baharini hapana. Haya ni maamuzi mawili tofauti na yote yanaeleweka. DSO ilianzishwa 1886 kwa ajili ya maafisa waliofanya kazi njema vitani, na kwenye vita ile ya 1914 hadi 1918 zilitolewa karibu 9,000. Inasema ulifanya kitu fulani, mahali fulani, na kitu hicho kilisaidia. Na kilisaidia kweli, baada ya Februari 1916 Götzen ilikuwa imebaki peke yake na ziwa halikuwa tena la Mjerumani kama zamani. Haisemi kwamba wewe ni jasiri kila siku, wala kwamba utapewa meli kesho.

Na baada ya vita maisha yake hayakuwa ya aibu. Alirudi upande wa ujasusi wa majini, akawa kwenye mkutano wa amani wa Paris 1919 akitumia lugha zake, halafu mwaka 1921 ilipoanzishwa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari kule Monaco yeye akawa katibu mkuu wake wa kwanza, akakaa mpaka 1937. Kazi ya kufanya nchi zikubaliane namna ya kuchora ramani za bahari ili mabaharia wasigonge mwamba. Alifariki Kanada 1947. Mimi naona huyu alikuwa mpimaji mzuri aliyeng'ang'ania kuwa mpiganaji, na jeshi likamchelewesha mno kumrudisha kwenye kazi aliyoiweza. Ukiwaeleza wageni hivo sidhani kama kuna atakayekubishia, na akikubishia mtabishana kwa heshima.

Sasa ya mzee, na hii ina haraka kuliko zote. Mwambie asiuze wiki hii na asiisugue kwa mchanga wala limao wala dawa ya fedha, uchafu wa miaka haujaiharibu lakini kusugua kunafuta maandishi. Halafu iangalieni mchana kwenye mwanga. DSO ni msalaba wenye rangi nyeupe ya kung'aa kama kigae na utepe mwekundu wenye pindo za bluu. Zile za vita ya kwanza zilitolewa bila jina la mtu, kwa hiyo hata ikiwa DSO ya kweli hakuna mtu anayeweza kuiangalia tu akakwambia ni ya Spicer-Simson, inahitaji karatasi za kuthibitisha imetoka wapi mpaka ikafika Kigoma. Anayemwambia mzee kwamba ana uhakika anabahatisha, au ana sababu zake.

Lakini kama ni ya duara, ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme na mwingine mtu juu ya farasi, hiyo ni medali ya vita ya Waingereza, na hiyo kwa kawaida ina maandishi kwenye ukingo, namba, cheo, jina na kikosi. Chukueni kioo cha kukuzia msome polepole. Mkikuta jina la Kiafrika na herufi za KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, basi haikuwahi kuwa ya Mzungu yeyote, ni ya askari, na pengine ni ya babu wa huyohuyo mzee. Muulize majina ya babu zake kabla hujamwambia umesoma nini, ili jibu lake lisifuate unachotaka kusikia.

Mimi kwa picha ya simu siwezi kuithibitisha, na usimwamini yeyote anayesema anaweza. Pigeni picha pande zote na ukingo, andikeni aliipata kwa nani na lini, kisha aende nayo mwenyewe, pamoja na ndugu anayemwamini, kwa afisa utamaduni wa wilaya aombe kuunganishwa na Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, medali isiachwe kwa mtu bila maandishi ya kupokelewa. Rekodi za utumishi za maafisa wa majini kama Spicer-Simson ziko nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, kundi la ADM 196, na kama una ndugu au mgeni wa zamani anayeishi London muombe akakuangalizie. Na huyo mnunuzi akizidi kumharakisha mzee, au akitaka kuichukua "akaipime" kisha arudishe, hapo nendeni serikali ya mtaa siku hiyohiyo, mzee asibaki naye peke yake.